Wimbo wa Jana katika Kinywa cha Leo

Kila mwimbaji hupokea nyimbo kutoka kwa wengine. Hakuna aliyezaliwa na nyimbo zake zote kinywani. Lakini kupokea kuna namna nyingi. Mmoja huupokea wimbo akaugeuza hata yule aliyeutunga asiutambue tena. Mwingine huushika kama mtu ashikavyo yai, akiogopa lisimvunjikie mkononi. Je, kati ya hao wawili, ni nani amheshimuye mtungaji zaidi? Swali hilo si la waimbaji peke yao. Kila mtu aliyerithi kitu chema kutoka kwa wakubwa wake hukutana nalo: arudie sawasawa kama alivyopewa, ao aendelee kwa njia yake mwenyewe?

Leo, wasomaji wapenzi, twataka kulitazama swali hilo kwa kusikiliza kazi moja ya muziki iliyotolewa tarehe 10 Novemba 2023. Kazi hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa sababu mwimbaji hakurudia wimbo mmoja ao nyimbo mbili za mwenzake. Alirudia tamasha zima, tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho.

Kazi yenyewe

Jina lake ni Cat Power Sings Dylan: The 1966 Royal Albert Hall Concert. Maana yake ni kwamba Cat Power anaimba nyimbo za Dylan, zile za tamasha la mwaka 1966 katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Cat Power ni jina la kazi la Bibi Chan Marshall, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa katika mji wa Atlanta mwaka 1972. Tarehe 5 Novemba 2022 alisimama katika ukumbi huo wa London, uliofunguliwa mwaka 1871 na kupewa jina la mume wa Malkia Victoria. Mbele ya watu waliojaa ukumbi aliimba nyimbo ambazo Bob Dylan aliziimba usiku mmoja wa mwezi wa Mei 1966. Vyombo vya kunasa sauti vilikuwa tayari, na mwaka uliofuata tukapata sahani hizi za santuri.

Nyimbo ni 15. Saba za kwanza ni za gitaa la kawaida, lisilo na umeme. Nane za mwisho ni za wapigaji wengi, gitaa za umeme, kinanda na ngoma. Hivyo ndivyo alivyofanya Dylan, na Bibi Marshall hakuacha wimbo hata mmoja, hakuongeza hata mmoja, wala hakubadili mfuatano wake. Fundi aliyepewa kipimo cha nyumba ya zamani akaijenga upya, mlango pahali pa mlango na dirisha pahali pa dirisha, hangeweza kuwa mwaminifu zaidi.

Lakini nyumba iliyojengwa upya si lazima iwe na watu wale wale ndani. Ndiyo sababu yafaa kwanza turudi nyuma, tujue ni nini kilichotokea katika nyumba ya kwanza.

Hasira ya mwaka 1966

Bob Dylan alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota. Alipofika New York mwaka 1961 alikuwa kijana mwenye gitaa na kinanda kidogo cha mdomo. Katika miaka ile ya kwanza nyimbo zake nyingi zilisema juu ya vita, umaskini na haki za watu weusi. Tarehe 28 Agosti 1963 aliimba mjini Washington, siku ile ile Pasta Martin Luther King alipotoa hotuba yake mashuhuri juu ya ndoto yake. Vijana wengi wakamhesabu Dylan kuwa msemaji wao.

Kisha akageuka njia. Mwezi wa Julai 1965, katika tamasha la Newport, alipanda jukwaani na gitaa la umeme pamoja na wapigaji wenye vyombo vya kelele. Wengine walipiga makofi, wengine walizomea. Kwa nini walizomea? Wapenzi wa nyimbo za kienyeji waliamini kwamba gitaa la mti ni chombo cha watu wadogo na cha ukweli, na kwamba gitaa la umeme ni chombo cha biashara na cha dansi. Tena nyimbo zake mpya hazikusema wazi juu ya haki na vita kama zile za kwanza. Zilikuwa ndefu, zenye mafumbo, kama ndoto ya mtu asiyelala vizuri. Basi wakasema: huyu ametuacha.

Mwaka 1966 Dylan alizunguka Marekani, Australia na Ulaya. Kila usiku tamasha lilikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza alisimama peke yake, na watu walisikiliza kimya. Katika sehemu ya pili waliingia wenzake watano na mitambo yao, na ugomvi ukaanza.

Tarehe 17 Mei 1966 alikuwa Manchester, Uingereza, katika ukumbi uitwao Free Trade Hall. Kanda iliyonaswa usiku ule yatuonyesha mambo yote. Kati ya wimbo na wimbo watu walipiga makofi polepole kwa pamoja, si kwa kusifu bali kwa kuzuia. Mara moja Dylan aliwajibu kwa kunong'ona maneno yasiyo na maana mbele ya chombo cha sauti, mpaka watu wakanyamaza ili wasikie anasema nini. Kisha, kabla ya wimbo wa mwisho, mtu mmoja akapaza sauti: “Yuda!” Dylan alijibu kwamba hamwamini, akamwita mwongo. Akawageukia wenzake akawaagiza wapige kwa nguvu zote. Ndipo ulipoanza wimbo Like a Rolling Stone, na ngoma ililia kama mlango mzito unaofungwa kwa hasira.

Tumeeleza hayo yote kwa sababu wimbo ule wa mwisho hauwezi kutengwa na neno lile moja lililotangulia. Wapigaji wale hawakupiga nyimbo tu. Walikuwa wakipiga dhidi ya upepo.

Jina lisilo la kweli

Msomaji mwenye akili atauliza: ikiwa tamasha lilikuwa Manchester, kwa nini sahani za Bibi Marshall zataja Royal Albert Hall, ukumbi wa London?

Jibu ni hili. Kanda ya Manchester haikutolewa mara moja. Kwa miaka mingi ilipita mikononi mwa watu kama sahani za magendo, na wale wachuuzi waliandika juu yake kwamba ilinaswa Royal Albert Hall. Ni kweli Dylan aliimba katika ukumbi huo tarehe 26 na 27 Mei 1966, karibu nyimbo zile zile. Lakini kelele ya “Yuda” ambayo kila mtu aliijua ilikuwa ya Manchester. Kampuni ya Columbia ilipoitoa kanda hiyo kwa halali mwaka 1998, iliacha jina la Royal Albert Hall, ila ililitia ndani ya alama za kunukuu ili watu wajue kwamba ni jina la mazoea tu. Kanda ya London yenyewe ilitolewa mwaka 2016.

Katika jina la sahani za mwaka 2023 alama hizo hazimo. Twaona hapo upungufu. Hatusemi kwamba Bibi Marshall alitaka kudanganya. Habari hii yajulikana sana kwa wapenzi wa Dylan. Tena, hata kama angetaka kwenda Manchester, asingeupata ukumbi ule wa zamani: Free Trade Hall ilifungwa kama ukumbi wa muziki mwaka 1996, na baadaye pakawa hoteli. Lakini kijana asiyejua habari, akisoma jina hilo, ataamini kwamba kelele ile ilisikika London. Kosa likirudiwa na watu wengi halikomi kuwa kosa. Anayetaka kuheshimu jambo la kale hupaswa kwanza kulitaja kwa jina lake, na mstari mmoja wa maelezo ungetosha.

Sehemu ya kwanza: uzuri wake

Tukiisha kusema hayo, tusikilize sasa muziki.

Nyimbo saba za kwanza ndizo zilizotupendeza zaidi. Mwaka 1966 Dylan alizifanya peke yake: gitaa mkononi, kinanda cha mdomo kikining'inia shingoni, na sauti. Hapa kazi ya mtu mmoja imegawanywa kwa watu watatu. Mmoja anapiga gitaa, mmoja anapuliza kinanda cha mdomo, na Bibi Marshall anaimba tu. Mtu angefikiri kwamba jambo hilo litaharibu umoja wa wimbo. Sivyo. Kwa kuwa mikono yake imepumzika, sauti yake yapata nafasi ya kufanya kazi yote.

Na sauti hiyo ni nyingine kabisa. Sauti ya Dylan mwaka 1966 ilikuwa kali na ya kuvuta, ikishika neno la mwisho wa mstari na kulinyosha kama mpira mpaka lidhaniwe litakatika. Sauti ya Bibi Marshall ni nzito, ya chini, yenye moshi kidogo. Haivuti neno, bali hulilaza. Wimbo Desolation Row wachukua zaidi ya dakika 10, nao umejaa watu wa hadithi na wa historia wanaopita mmoja mmoja kama katika maandamano. Kinywani mwa Dylan tulidhani tunamsikia kijana anayewacheka wote. Kinywani mwa Bibi Marshall twasikia mtu anayewahurumia. Maneno ni yale yale, mfuatano ni ule ule, na hata hivyo maana imesogea.

Tukumbuke umri. Dylan alipoimba Manchester alikuwa na miaka 24, akikaribia 25. Bibi Marshall alipoimba London alikuwa na miaka 50. Maneno ya kijana mwerevu yameingia katika kinywa cha mtu mzima aliyeona mengi. Kijana husema juu ya uchungu kabla ya kuujua wote; mtu mzima huusema akiwa ameupima. Sikilizeni Visions of Johanna, mtaelewa tunalotaka kusema. Hakuna haraka ndani yake.

Wimbo Just Like a Woman watuonyesha jambo hilo wazi zaidi. Ni wimbo wa mwanamume anayemtazama mwanamke na kumhukumu, nusu kwa mapenzi na nusu kwa dharau. Wengi wamelalamika juu ya dharau hiyo. Sasa unaimbwa na mwanamke. Je, anayemhukumu ni nani, na anayehukumiwa ni nani? Mara moja wimbo wawa kama mtu anayejitazama katika kioo na kusema ukweli wake bila kujionea haya. Bibi Marshall hakuhitaji kupiga kelele wala kuugeuza wimbo. Ilitosha kwamba ni yeye anayeuimba.

Hapo ndipo twapata jibu la kwanza la swali letu. Mtu akifuata sawasawa, kwa moyo, kitu kipya chaweza kuzaliwa bila yeye kukilazimisha.

Sehemu ya pili: kilichokosekana

Katika nyimbo nane za mwisho twasikitika kusema kwamba kazi yapungua nguvu. Wapigaji ni wazuri. Wanajua kazi yao, wanapiga pamoja, hakuna anayepotea. Bibi Marshall anaimba kwa furaha, na watu wanashangilia. Lakini ndiyo taabu yenyewe: watu wanashangilia.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1966 Dylan na wenzake hawakusifiwa. Kila wimbo ulipaswa kushindania nafasi yake kama mtu anayepita katikati ya umati usiotaka kumpisha. Kwa hiyo ngoma ilipigwa zaidi ya kiasi, gitaa lilikata kama panga, na sauti ya mwimbaji ilipanda juu ya vyote. Ukali ule haukuwa pambo. Ulitoka katika hali ya usiku ule. Mwaka 2022 waliokuja Royal Albert Hall walikuwa rafiki wote. Walilipia kiti ili wasikie vyombo vile vile ambavyo wazee wao walivizomea. Nani basi wa kushindana naye?

Tuchukue mfano wa wimbo wa kwanza wa sehemu hii, Tell Me, Momma. Dylan hakuutoa katika sahani yoyote ya studio. Katika kanda ya Manchester maneno yake ni magumu kusikika, kwa maana aliyarusha kama mawe, bila kujali kama yataeleweka. Mtu anayeurudia wimbo kama huo yuko katika shida. Akiyatamka maneno vizuri, amepoteza ule mrusho. Akiyatafuna kama Dylan, anaigiza tu. Bibi Marshall amechagua njia ya katikati, na njia hiyo haifiki mbali. Vivyo hivyo na Like a Rolling Stone. Unapigwa vizuri, wakubaliwa na wote, na unakwisha kwa makofi. Wimbo uliokuwa jibu kwa adui umekuwa zawadi kwa wageni.

Hatumlaumu mwimbaji kana kwamba alipaswa kuleta watu wa kumzomea. Hakuna anayeweza kununua adui wa kweli. Twasema tu kwamba katika tamasha lolote kuna vitu vinavyoweza kurithiwa, na kuna vitu visivyorithika. Nyimbo hurithiwa, mfuatano wake pia, hata ukumbi. Hatari ya usiku ule hairithiwi. Ilikuwa yao waliokuwapo, nayo ilikwisha pamoja na usiku.

Neno “Yuda”

Tufike sasa kwenye jambo ambalo bila shaka limewagusa wasomaji wetu. Usiku ule wa London, mwaka 2022, mtu mmoja ukumbini alipaza sauti akasema “Yuda!” kama yule wa Manchester. Hata mahali hakupapata sawasawa, maana alilisema mapema, kabla ya wimbo Ballad of a Thin Man, si kabla ya ule wa mwisho. Bibi Marshall alijibu kwa neno moja, kwa utulivu: “Yesu.” Yote mawili yamo katika sahani.

Tupime maneno hayo. Yule wa mwaka 1966 alitumia jina zito. Yuda alimtoa Bwana wake kwa vipande 30 vya fedha, na mtu aliyelitumia jina hilo Manchester alitaka kusema: umeuza wimbo wetu kwa fedha. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Kubadili gitaa si kumsaliti mtu. Lakini ndani ya neno lile baya kulikuwa na uchungu wa kweli. Hatumwiti msaliti mtu ambaye hatukumpenda.

Yule wa mwaka 2022 hakuwa na uchungu. Alikuja kucheza sehemu yake katika mchezo, kama mtoto anayejua hadithi na kumwahi msimulizi. Neno lilikuwa lile lile, lakini tupu. Hakuna mahali pengine katika sahani hizi panapotufundisha vizuri zaidi tofauti ya kurudia na kuigiza. Bibi Marshall alirudia nyimbo, nazo zilipata uhai mpya. Yule ukumbini aliigiza tusi, nalo halikuwa hata tusi.

Na jibu la mwimbaji? Baadaye alieleza kwamba hakutazamia wasikilizaji nao warudie sehemu yao, na kwamba alitaka kuliweka jambo sawa, kwa sababu kwa watungaji wa nyimbo Dylan ni kama mungu. Hapo hatuwezi kumfuata. Twaelewa kwamba alisema kwa mapenzi, na jibu la upole kwa tusi ni jambo jema. Lakini kumtoa mtu katika kiti cha Yuda na kumkalisha katika kiti cha Mungu si kumponya. Ni kumhukumu mara ya pili, safari hii kwa kumpa mno. Dylan ni mtungaji mkubwa. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na si wengi wanaokana kwamba maneno yake yamebadili nyimbo za nyakati zake. Yatosha. Kumwita mtu mtungaji mkubwa ni heshima ya kweli, na yeye aweza kuibeba.

Tukumbuke pia kwamba mtu huyo aliyeitwa Yuda aliimba mbele ya Papa Yohane Paulo II tarehe 27 Septemba 1997, katika Kongamano la Ekaristi huko Bologna, Italia. Papa aliuchukua wimbo wake mmoja wa zamani uliosema juu ya upepo, akawaeleza vijana kwamba upepo huo ni pumzi ya Roho. Wala wakubwa wa Kanisa hawakuwa na wazo moja juu ya siku hiyo. Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, aliandika katika kitabu cha mwaka 2007 kwamba alikuwa na mashaka kama ilifaa kumwalika. Twaona basi kwamba watu wenye busara waliweza kumpima Dylan kwa mizani mbalimbali bila kumwita Yuda na bila kumwita mungu.

Mfano mwingine

Bibi Marshall si wa kwanza kufanya kazi ya namna hii. Tarehe 23 Aprili 1961 mwimbaji Judy Garland aliimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na sahani za usiku ule zilipata tuzo ya Grammy ya sahani bora ya mwaka. Bibi Garland alifariki mwaka 1969. Mwaka 2006, tarehe 14 na 15 Juni, mwimbaji Rufus Wainwright alirudia tamasha lile zima katika ukumbi ule ule, na sahani zake zikatoka mwaka 2007.

Kazi hizo mbili zafanana, lakini kuna tofauti kubwa. Bwana Wainwright aliimba kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Mpendwa aliyefariki hawezi tena kuimba nyimbo zake, na anayezirudia humtolea kama ukumbusho. Bibi Marshall aliimba nyimbo za mtu aliye hai. Tena katika majuma yale yale ya mwaka 2022, Dylan mwenyewe, mzee wa miaka 81, alikuwa akizunguka Uingereza na kuimba! Je, aliimba nini? Zaidi aliimba nyimbo za sahani yake ya mwaka 2020, na zile chache za zamani alizichanganya na kuzigeuza, kama alivyofanya kwa miaka mingi.

Hapo pana fumbo. Mtungaji mwenyewe hakubali kujirudia. Anayemheshimu ndiye anayemrudia neno kwa neno. Mtu aweza kusema: basi Bibi Marshall hakumwelewa mwalimu wake, maana kumfuata Dylan kweli ni kubadilika.

Twaona hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Sababu ni hii. Bibi Marshall anajua sana kubadili nyimbo. Amekwisha kutoa sahani tatu za nyimbo za wengine, mwaka 2000, 2008 na 2022. Katika ile ya mwaka 2000 aliuimba wimbo mashuhuri sana wa kundi la Rolling Stones, Satisfaction, akakiondoa kiitikio chote, yaani ile sehemu ambayo dunia nzima inaijua! Mtu mwenye uhuru wa namna hiyo, akikubali kufuata mfuatano wa mwingine nyimbo 15 bila kutoka nje, hafanyi hivyo kwa kukosa mawazo. Anafanya kwa hiari. Utii wa mtu asiyeweza kitu kingine hauna thamani kubwa. Utii wa mtu aliyeweza kufanya kinyume ni zawadi.

Hukumu yetu

Basi tuseme wazi. Sahani ya kwanza kati ya hizi mbili ni kazi nzuri, na twaishauri kwa kila apendaye wimbo wenye maneno mazito. Sahani ya pili ni ya heshima, lakini ni kivuli cha moto uliowaka mahali pengine. Jina lililoandikwa juu yake lingehitaji maelezo. Na kelele ya yule mtu ukumbini ingebaki nje bila hasara.

Msomaji anayetaka kujifunza asikilize kwanza kanda ya Manchester iliyotolewa mwaka 1998, kisha hii ya mwaka 2023, wimbo kwa wimbo. Asiulize ni nani mshindi. Aulize: neno hili lilikuwa na uzito gani kinywani mwa kijana, na lina uzito gani kinywani mwa mtu mzima? Atagundua kwamba mara nyingi alipopendezwa zaidi na Bibi Marshall, palikuwa pale ambapo hakujaribu hata kidogo kufanana na Dylan, ila alishika maneno yake kwa uaminifu na kuyasema kwa sauti yake mwenyewe.

Na ninyi mnaoimba, mnaopokea nyimbo za waliowatangulia, kumbukeni jambo hili. Sauti ya mwingine hamwezi kuichukua, wala hasira yake, wala ujana wake. Chukueni wimbo, mjifunze maneno yake yote, mfuate njia yake bila kuiruka. Kisha muuimbe kwa sauti mliyopewa ninyi.